Mali bila daftari

Maswali ya wasomaji. Anajibu Bi Mwalimu, Bagamoyo

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa walimu. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kuliko kawaida, kwa sababu mwenyewe yuko hapa hapa mjini kwetu na kazi anayoifanya nimeitamani tangu nikiwa bado nashika chaki.

SWALI

Shikamoo Bi Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bagamoyo, nafundisha darasa la sita, nina miaka arobaini na nne. Nimezaliwa katika ukoo wa mafundi wa madau. Mwaka wa tatu huu nakusanya maneno ya ufundi huo na ya wavuvi: mkuku, taruma, hanamu, foromali, kalafati na mengine mengi ambayo wanafunzi wangu hawayajui, ingawa baba zao wanalala baharini. Mengine nimeandika kwenye madaftari, mengine ni sauti kwenye simu, mengine nimejitumia mwenyewe WhatsApp. Mwezi wa nne simu ilitumbukia majini tukiteremka kwenye mtumbwi. Imekwenda na mazungumzo ya dakika arobaini niliyomrekodi ami yangu, fundi, ambaye alifariki mwezi wa kwanza. Tangu siku hiyo sijaandika hata mstari mmoja.

Mwalimu mwenzangu ameniuzia kompyuta mpakato iliyotumika. Ninachojua ni kuiwasha, kuandika mitihani na kuprinti. Nataka kutoa kijitabu. Naomba unielekeze: nianze wapi? Vitabu vya zamani vyenye habari za kwetu nitavipataje bila kwenda Dar? Na vijana wa ofisini wananiambia niipe akili unde (AI) maneno yangu iniandikie kitabu kwa siku moja. Nifuate ushauri wao?

Mwalimu wa darasa la sita, Bagamoyo

JIBU

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Pole kwa ami yako, na pole tena kwa sauti yake. Barua yako niliisoma jioni, nikairudia asubuhi.

Kabla ya kompyuta, tumalize habari ya simu. Kama ilikuwa na memori kadi, usiitupe. Kadi ndogo zile mara nyingi huvumilia maji kuliko simu yenyewe. Itoe, isuuze kwa maji safi yasiyo na chumvi, iache ikauke kivulini siku mbili tatu, kisha iweke kwenye kisomeo cha kadi ujaribu kuifungua kwenye kompyuta. Halafu kumbuka: kuna mtu uliyewahi kumtumia kipande chochote cha mazungumzo yale? Ndugu, mke, mtoto wa ami? Kama ulimtumia, huenda kipo kwenye simu yake. Na ukishanunua simu nyingine, ingia kwa akaunti yako ile ile ya zamani uangalie kama ilikuwa inajihifadhia nakala.

Hata kama vyote hivyo havikuzaa kitu, kaa leo hii uandike kila unachokumbuka katika zile dakika arobaini. Juu ya ukurasa weka: "Kwa kumbukumbu yangu", na tarehe ya leo. Maneno hayo matatu usiyaache. Mtu akikumbuka alichoambiwa, hukikumbuka kwa ulimi wake mwenyewe, na msomaji wako ana haki ya kujua kwamba hapa anakusikia wewe, pale anamsikia fundi.

Sasa kompyuta. Wengi watakwambia uanze kwa kujifunza kuchapa haraka. Mimi nasema anza na jedwali. Fungua Excel, na kama kompyuta yako haina, weka LibreOffice. Hiyo ni ya bure, unaipakua mara moja na baada ya hapo haidai intaneti. Tengeneza safu saba: neno, maana kwa maneno ya aliyekwambia, sentensi aliyoitumia, jina lake, mahali, tarehe, jina la faili la sauti. Kila neno mstari wake.

Nitakuonyesha mmoja. Safu ya kwanza unaandika kalafati. Ya pili usiandike maana ya kamusi. Andika kama alivyosema fundi, tuseme: "Unachukua pamba, unailoweka mafuta, unaishindilia katikati ya mbao mpaka maji yakose njia." Ya tatu, sentensi yake: "Dau hili halijakalafatiwa tangu kusi ya juzi." Kisha jina lake, Kaole au Mlingotini au popote mlipokaa, siku yenyewe, na faili. Faili lisibaki na jina lililopewa na simu, herufi na tarakimu zisizomwambia mtu kitu. Lipe jina linaloanza na mwaka, mwezi, siku, kisha neno na mahali: 2025-08-17 kalafati Kaole. Mwaka ukitangulia, kompyuta itayapanga mafaili yako yote kwa kufuatana bila wewe kugusa kitu.

Unaweza kuona hizi safu za jina, mahali na tarehe ni urasimu wa ofisini. Acha nikueleze kwa nini nazishikilia. Mimi niligusa kompyuta mara ya kwanza nikiwa na miaka arobaini na tisa. Kwa miaka mingi kabla ya hapo nilikuwa nakusanya methali na misemo ya wanawake wa huku kwetu, kwa bibi harusi, kwa wasusi wa ukili, kwa mama wauza samaki. Nilipojua kuchapa, nikakaa likizo nzima nikaziingiza zote, mia sita na kitu. Nilifurahi mno siku nilipomaliza. Zimepangwa kwa alfabeti, safi kabisa. Mwaka mmoja baadaye binti mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu akaja nyumbani, akaniuliza: hii umeipata kwa nani? Na hii ni ya Bagamoyo au ya Unguja? Sikuwa na jibu hata kwa moja katika kumi. Wale mabibi wengi walikuwa wameshazikwa. Methali ninazo, wenyewe sinao. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami daftari nilikuwa nalo, ila lilikuwa halina majina.

Kwa hiyo fanya jedwali usiku ule ule uliotoka kuzungumza na mzee. Ukilaza siku tatu, utasahau kama ni yeye aliyesema demani au ni yule aliyekaa pembeni akitengeneza wavu.

Kuna jambo dogo litakalokukera mapema. Kompyuta yako kwa sasa inadhani unaandika Kiingereza. Itapiga mistari myekundu chini ya kila neno, na mbaya zaidi itakuwa inakurekebisha. Mimi niliandika taruma ukurasa mzima, nikaja kukuta zile mbao za mbavu za chombo zimegeuzwa zote kuwa trauma. Nenda kwenye mipangilio ya lugha, chagua Kiswahili, na ule urekebishaji wa kujiendesha uuzime. Hata hapo maneno ya baharini mengi hayatatambuliwa. Kila unapopigiwa mstari mwekundu kwa neno la fundi, libofye uliongeze kwenye kamusi ya kompyuta. Baada ya miezi utakuwa na mashine inayojua tezi na omo, nyuma na mbele ya chombo.

Utakapoanza kuandika sura za kijitabu, vichwa vya habari usivikoleze wino kwa mkono. Tumia mitindo ya vichwa iliyomo kwenye programu yenyewe, kichwa cha kwanza, cha pili. Ukifanya hivyo toka mwanzo, yaliyomo yatajitengeneza na namba za kurasa zitajirekebisha. Nimeona walimu wakihesabu kurasa kwa kidole usiku wa kuamkia kupeleka kazi.

Kuhifadhi: mahali patatu. Moja ni kompyuta. La pili ni flashi inayokaa nyumba nyingine, kwa dada yako au kwa mkwe, na ambayo haiendi steshenari kabisa. Ya kuprintia iwe nyingine, kwa sababu mashine za steshenari zinapokea flashi za mji mzima na virusi vya mji mzima. La tatu ni mtandaoni. Akaunti ya Google inakupa GB 15 bure, zikichanganywa na barua pepe na picha. Saa moja ya sauti ya kawaida ya simu ni MB 30 hadi 60 hivi, kwa hiyo utaweka wazee wengi kabla hapajajaa. Pakia usiku kwa bando la usiku. Na WhatsApp isiwe sanduku lako. Ni nzuri kupitishia, lakini picha ukiituma kwa kawaida inapunguzwa ubora. Ukilazimika, itume kama hati.

Madaftari yako usiyatupe hata ukishayahamishia yote kwenye kompyuta. Yapige picha ukurasa kwa ukurasa, kwenye mwanga wa asubuhi, kisha uyafunge vizuri uyaweke. Usiache mbachao.

Sasa vitabu, na hapa niruhusu niende taratibu.

Kitabu unachokihitaji kabla ya vingine kiliandikwa kwa maneno ya mtu wa hapa hapa. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa mtu wa Dunda. Mwaka 1900 alikuwa Berlin, akifundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki. Alikuwa mwalimu kama sisi, na watoto wetu wanapita Dunda kila siku bila kulijua jina lake. Alieleza jinsi watu wa mrima, pwani yetu hii, walivyozaa, walivyolea, walivyooa, walivyozika, walivyolima, walivyosafiri. Kitabu kikatoka Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Ukifungua ukurasa wa mbele, jina utakaloliona limetangulia kama mkusanyaji na mhariri ni la Mjerumani, Carl Velten. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza ilichapishwa California mwaka 1981, na huko ndiko jina lake limewekwa pale linapostahili.

Hii ina maana kwako unapokaa mbele ya kompyuta. Ukiandika Mtoro kwenye orodha ya maktaba nyingi, unaweza usikione kabisa kitabu cha mwaka 1903. Andika Velten. Watu wa Bagamoyo wamewekwa kwenye kabati za dunia kwa jina la aliyewachapa, na mtafutaji asiyejua hilo hurudi mikono mitupu akidhani hatukuandika kitu. Ndiyo maana ile safu ya nne ya jedwali lako, ya jina la msemaji, naiona ni deni. Ami yako alikuwa na jina, na kijitabu kikitoka jina hilo liwepo kwenye ukurasa wa mbele karibu na lako.

Mahali pa kutafuta vitabu vya umri huo ni Internet Archive, maktaba ya mtandaoni iliyoanza mwaka 1996. Vitabu vya zamani ambavyo hakimiliki yake imekwisha vimeskaniwa na unavipakua bure. Velten huyo huyo alitoa kingine mwaka 1901, cha safari za Waswahili, na ndani yake Mtoro anasimulia safari yake ya Udoe na Uzigua.

Unapotafuta, andika kama wao walivyoandika. Wasuaheli, si Waswahili. Khabari, si habari. Kwa vitabu vya Wajerumani jaribu Suaheli na Bagamojo, yenye j. Mimi nilihangaika wiki mbili na "Bagamoyo" nikipata picha za hoteli tu, mpaka siku nilipobadilisha herufi moja. Ukitaka maneno yafuatane kama yalivyo, yazungushie alama za kunukuu: "ujenzi wa madau". Ukitaka hati za vyuo vya Tanzania peke yake, ongeza site:ac.tz mbele ya maneno yako. Uwe na subira na vitabu vilivyoskaniwa, kwa sababu mashine iliyosoma picha za kurasa imekosea herufi nyingi. Neno lisipopatikana, usihitimishe kwamba halimo. Fungua kurasa usome kwa macho.

Kwa makala za sasa, ingia Google Scholar, sehemu ya Google ya kutafutia maandishi ya wasomi. Jarida la Swahili Forum, linalotolewa Ujerumani, linasomwa bure lote, na makala nyingine zimeandikwa kwa Kiswahili. Angalia pia Mulika na Kiswahili, majarida ya TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Na kabla sijasahau: mzee kabla hajaanza kuzungumza, mweleze unataka kufanya nini na maneno yake, umwombe ruhusa, na ruhusa hiyo iwe ndani ya rekodi yenyewe. "Nimekubali, mimi fulani, leo siku fulani." Dakika moja tu. Akikataa jina lake lisichapwe, heshimu, lakini kwenye jedwali lako la ndani libaki.

Nije kwa akili unde. Vijana wako wana nia njema, ila siku hiyo moja ya kitabu isahau.

Mimi naitumia, sikufichi. Fomula ya Excel ikinikataa, naielezea tatizo kwa Kiswahili cha kawaida, inanielekeza. Ukurasa wa Kijerumani wa zamani naupiga picha, inanipa maana ya jumla, kisha namtafuta anayejua Kijerumani anihakikishie. Hapo imenisaidia kweli. Lakini mwaka jana niliiuliza programu mojawapo initajie maandishi kuhusu uundaji wa ngalawa Bagamoyo. Ikanipa matano, yenye majina ya waandishi, miaka, majarida, hata namba za kurasa. Nilifurahi kama aliyeokota dhahabu. Nikayatafuta moja moja. Jarida moja lipo kweli, lakini toleo lile halina makala hiyo. Mwandishi mwingine yupo kweli, lakini hajaandika kitu hicho. Matatu sikuyaona popote, wala waandishi wake. Mashine hizi hutunga sentensi kwa kufuata jinsi maneno yanavyozoeleka kuandamana, na marejeo nayo huyatunga kwa mtindo huo huo, kwa sauti ya uhakika kabisa. Kwa hiyo lolote itakalokutajia, kitabu, mwaka, jina, usiliandike mpaka uwe umelifungua kwa mkono wako.

Halafu fikiri itakachokuandikia. Imelishwa yaliyokwisha andikwa. Maneno ya ami yako hayajaandikwa mahali popote ila kwenye madaftari yako. Ukiiambia ikueleze kalafati, itakupa kalafati ya kila pwani duniani, laini, isiyo na kosa la sarufi, na yule mzee aliyekaa chini ya mkungu akishindilia pamba kwa nyundo ya mti hatakuwemo. Andika wewe. Andika vibaya kwanza. Sura moja ya kurasa nne kuhusu kalafati, kwa sentensi zako, ukinukuu watu wako kwa majina. Ukimaliza, niletee. Nyumba yangu unaijua au utaelekezwa, na kalamu nyekundu bado ninayo.

SWALI

Bi Mwalimu, habari za Bagamoyo. Nafundisha sekondari hapa Tanga, na mwaka huu nasoma shahada ya uzamili kwa masafa. Utafiti wangu ni kuhusu Shaaban Robert. Nina watoto watatu, muda wangu ni saa nne usiku wakishalala, na mara nyingi nina simu tu mkononi, kompyuta iko shuleni. Msimamizi amenirudishia sura ya pili akisema marejeo yangu yamevurugika na vyanzo ni vichache. Nifanyeje, dada?

Mama Watatu, Tanga

JIBU

Habari njema, mdogo wangu, na hongera. Unasoma habari za mtu aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 ukiwa mwendo mfupi kutoka Vibambani kwenyewe. Watafiti wengine wanapanda ndege kuja huko.

Kuhusu uchache wa vyanzo, nashuku ni jina. Waandishi wamemwandika kila mmoja kwa namna yake: Shaaban, Shabaan, Shaban, na wengine wakaongeza bin. Tafuta kwa zote. Ukipata makala moja nzuri kwenye Google Scholar, tazama chini yake, kuna kiungo kinachoonyesha waliokuja kuinukuu baadaye. Kibofye. Makala moja inakupa kumi, na kumi hizo zinajuana. JSTOR nayo, maktaba ya majarida ya mtandaoni, ukijiandikisha bure, inakuruhusu kusoma idadi fulani ya makala kila mwezi bila kulipa. Soma hapo hapo mtandaoni, uandike unachotaka.

Marejeo yaliyovurugika dawa yake ni Zotero. Ni programu ya bure. Iweke kwenye kompyuta ya shule siku moja ukiwa na nafasi. Kitabu chenye ISBN, ile namba ya nyuma ya jalada, unaiandika namba peke yake na programu inakuletea mwandishi, mwaka, mchapishaji na mji. Makala za siku hizi zina namba ya DOI inayoanza na 10, nayo inafanya kazi hivyo hivyo. Ila vitabu vya Shaaban Robert vya matoleo ya mwanzo havina ISBN, kwa sababu alifariki mwaka 1962 kabla mpango huo haujaanza. Hivyo utavijaza kwa mkono, ukiwa na kitabu mbele yako. Usichukue mwaka wa toleo kutoka kwenye kumbukumbu ya mtu, kwa sababu vitabu vyake vimechapwa mara nyingi na wachapishaji mbalimbali, na namba za kurasa za toleo moja si za toleo jingine. Nahisi hilo ndilo lililomkasirisha msimamizi wako. Mwaka wa kwanza kuchapwa na mwaka wa nakala uliyoishika, andika yote mawili. Pia kagua majina ya Kiswahili, kwa sababu Zotero hudhani kila neno la mwisho ni jina la ukoo, na "bin" huivuruga.

Saa nne usiku, simu mkononi: sema badala ya kuchapa. Kibodi ya Gboard inasikia Kiswahili. Ichague lugha, bonyeza kipaza sauti, eleza hoja yako kama unavyomweleza mwenzako ofisini. Alama za uakifishaji utaweka baadaye, na majina ya watu itayakosea. Lakini kesho asubuhi utakuwa na kurasa mbili za kusahihisha, na kusahihisha ni kazi uliyoizoea kuliko mtu yeyote. Andikia kwenye Google Docs ili ukifungua kompyuta ya shule uyakute pale pale. Ikitokea mtoto ameshika simu akafuta, usilie. Fungua historia ya matoleo, rudi kwenye lile la jana. Kitu kimoja tu, ukimaliza kwenye kompyuta ya shule, toka kwenye akaunti yako. Usiache mlango wazi.

SWALI

Sisi huku wilaya ya Pangani tuna kundi la WhatsApp la wazazi. Baadhi ya walimu wanapiga picha karatasi ya matokeo ya darasa zima, majina na alama, wanaitupia kundini. Mzazi mmoja amelalamika. Mimi kama mwalimu mkuu nisimamie upande gani?

Mwalimu Mkuu, Pangani

JIBU

Upande wa mzazi, mwalimu mkuu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na jina la mtoto likiwa na alama zake ni taarifa binafsi. Hata kama sheria isingekuwepo, yupo mtoto aliyepata nane kwa mia ambaye jirani zake wote wameona kabla mama yake hajaona. Kila mzazi atumiwe ya mwanawe peke yake. Kama walimu wanaona ni kazi kubwa, matokeo yawe kwenye Excel, kila mtoto mstari wake, wanakili mstari mmoja na kuutuma. Darasa la watoto hamsini ni kazi ya alasiri moja. Na hizo picha zilizokwisha tumwa, aliyezituma azifute, na wazazi waombwe nao wazifute.

NYONGEZA kwa mwalimu wa darasa la sita

Nikiwa namalizia ukurasa huu nilishuka ufukweni, upande wa soko la samaki, nikamkuta fundi anapiga mbao. Nikamuuliza neno moja lililokuwa likinisumbua tangu barua yako ifike. Nimekutengenezea mstari wake, unakili kwenye jedwali:

Neno: ngama. Maana: "Huku chini ndani ya chombo, maji yanapokusanyika, ndiko unakopiga kata kuyatoa." Sentensi: "Tezi na omo, marejeo ni ngamani, utazunguka chombo chote lakini maji utayafuata huko." Msemaji: fundi wa madau, miaka sabini na moja, jina lake nitakupa tukionana, maana nilisahau kumwomba ruhusa ya kulichapa hapa na nitarudi kwake Ijumaa. Mahali: Bagamoyo mjini, ufukweni. Tarehe: jana. Faili la sauti: halipo, niliandika kwa mkono nyuma ya risiti, na risiti ninayo.